Dhiraa Moja Bila Lipu

“Usimwambie Burah. Ngoja mpaka jioni.”

Kwa maneno hayo tuliachana wiki iliyopita, Burah mwenyewe akiwa mlangoni na ndoo ya chokaa mkononi, asubuhi ya Ijumaa, ndani ya sinagogi la wenye mikokoteni. Juu ya jukwaa alikuwa mkewe Rasela, fundi wa kurudishia michoro ya zamani. Kando yake alikuwa Sandu, aliyeondoka mjini kwetu kijana na kurudi kutoka Haifa akiwa na mvi mbili tatu za kumpendeza. Rasela ndiye aliyesema maneno yale, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Sandu.

Ndoo ikaanguka.

“Usimwambie Burah nini?” Burah akauliza.

Sandu aliuachia ule mkono upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

“Umetushtua, bwana,” Rasela akasema.

“Nimeuliza swali.”

“Nimelisikia. Na chokaa umemwaga.”

“Rasela!”

Rasela akainua kidole. Kilikuwa na damu. “Nimechomwa na kibanzi cha mbao. Sandu alikuwa anakitoa. Umeridhika?”

Kibanzi kilikuwepo kweli. Lakini, msomaji wangu, kibanzi kinaeleza mkono tu. Yale maneno hakiyaelezi.

“Na jambo la jioni?”

“La jioni ni la jioni,” Rasela akajibu, akatabasamu kama mwenye peremende mfukoni. Tabasamu hilo lilimchoma Burah kuliko kibanzi chochote.

Kutoka roshani ya wanawake sauti ya kikongwe ikashuka. “Burah! Kama unataka kumpiga mtu, mpige sasa hivi kabla sijafagia. Nikishafagia, mtakwenda kupigana nje!”

Alikuwa Shangazi Beti, mshika ufunguo wa jengo. Hakuwa na undugu wa damu na yeyote kati yetu, lakini mji wetu mzima wa Vadu Teilor ulimwita shangazi. Siku hizi amelala kilimani, nami nikipita humwekea kijiwe juu ya kaburi, kama ilivyo desturi yetu. Ijumaa ile alikuwa mzima, na ulimi wake ulikuwa mzima kuliko yeye.

“Hapigwi mtu, Shangazi,” Burah akasema.

“Vizuri. Basi chota hiyo chokaa, wageni wasidhani tumefuga bata humu.”

Wageni! Jioni hiyo jua likizama, Sabato ya kwanza ingesaliwa tena mle ndani. Sinagogi lilijengwa na wenye mikokoteni wa mji wetu, kila mmoja akileta mawe kwa farasi wake. Ikaja vita iliyotupunguza. Waliobaki wakapanda treni kwenda Israeli, nyumba baada ya nyumba, hadi wanaume kumi wa kusimamisha sala wakakosekana. Mlango ukafungwa. Ushirika wa wakulima ukajaza viazi humo. Viazi vikakaa mahali pa babu zetu mpaka simba waliochorwa ukutani wakaota ukungu.

Sasa viazi vimeondoka. Simba wamerudi. Basi la wageni lilikuwa njiani kutoka mji wa Iași, na kuta zote zilikuwa kazi ya Burah.

Lakini Burah hakuwa na wasiwasi na kuta. Alijiuliza jambo moja tu: jioni hiyo ikipita, atakuwa bado na mke?

*

Tangu Sandu afike, Burah alikuwa anakonda. Rasela akikuta neno lililofutika ukutani, Sandu analisoma. Burah hajui hata herufi moja ya Kiebrania. Rasela akiuliza kwa nini kuna chui pale juu, Sandu anaeleza: mtu awe jasiri kama chui, mwepesi kama tai, mwenye mbio kama paa, mwenye nguvu kama simba, kuyatenda mapenzi ya Mungu.

“Huyo chui?” Burah alisema siku moja. “Huyo ni paka wa Shangazi Beti.”

Rasela alicheka. Burah akafurahi. Kisha Sandu akasema, “Mchoraji hakuwahi kuona chui, alichora alichokijua,” na Rasela akaacha kucheka, akamtazama Sandu kwa macho laini. Burah akatamani angekuwa yeye aliyesema hivyo.

Kabla ya adhuhuri, Rasela alishuka jukwaani akavaa koti. Alikuwa anakwenda kwa mshonaji kuchukua pazia la kabati la Torati. Burah, akiwa nyuma ya nguzo, alimwona anapita karibu na mlango, kisha anasimama.

Pale karibu na mlango palikuwa na mraba wa ukuta mtupu. Matofali wazi, bila lipu, upana wa dhiraa moja na urefu wa dhiraa moja. Kila siku Burah alipanga kupaziba, na kila siku Rasela alimtuma kazi nyingine.

Rasela akanyoosha mkono. Akaweka dole gumba lake kwenye kona ya ule mraba, chini kushoto, akalibonyeza taratibu. Akatabasamu peke yake. Kisha akaibusu ncha ya kidole, akatoka.

Burah akaishikilia nguzo.

Anabusu ukuta? Ukuta gani huo unaobusiwa?

Ndipo likamjia neno la Shangazi Beti, alilolitoa wiki iliyopita akimenya tufaha. “Hawa wawili, Sandu na Rasela, utotoni walikuwa panya wa viazi! Waliingia kwa dirisha, wakajificha pale mlangoni, penye matofali. Nikiwafukuza huku, wanatokea kule.”

Pale mlangoni. Penye matofali!

Burah akafika pale kwa hatua ndefu. Hakuinama kutazama ile kona. Laiti angeinama! Wivu una macho makali ya mbali, lakini kilicho chini ya pua yake haukioni.

“Unapatazama sana,” sauti ikasema nyuma yake.

Sandu alikuwa mlangoni, mikono mfukoni, viatu vinang'aa.

“Hapa pamebaki kidonda,” Burah akasema. “Wageni watasema fundi ni mvivu.”

Sandu akauelekezea ukuta kidole. “Burah, wewe ni mwana wa Mendel fundi lipu. Hujui hapo ni nini?”

Ningemwomba Mungu ampe Burah ulimi wa kusema neno moja: sijui. Angelisema kwa Shangazi Beti. Angelisema kwa mpita njia. Kwa Sandu hakuweza.

“Najua,” Burah akasema. “Nani asiyejua?”

“Basi vizuri.” Sandu akatabasamu. “Kama unajua, unajua la kufanya.”

Akaondoka zake akipiga mluzi.

Burah alibaki na ule mluzi masikioni. Na ukuta mtupu ulimrudisha nyumbani kwao. Hata kwa baba yake palikuwa na pengo kama lile, mbele ya mlango, matofali nje. Mama alilifunika kwa kalenda. Majirani walicheka: tazameni nyumba ya fundi lipu, haina lipu! Mtoto akiuliza, Mendel alijibu, “Nyamaza, ule.” Miaka ile watu waliogopa kusema mambo ya dini, hata mbele ya watoto wao. Mtoto alikula, akanyamaza, akaona aibu.

Aibu ile ya zamani na wivu huu mpya vikakutana kwenye mraba mmoja.

Mlangoni palikuwa na mfuko wa jasi. Alipoingia asubuhi haukuwepo. Burah hakujiuliza nani kauleta. Chokaa peke yake ingechukua siku kukauka, na mtu angeweza kuikwangua kwa ukucha. Ikichanganywa na jasi inashika upesi, inakuwa jiwe.

“Nione kama mtabusu tena,” akasema kwa sauti.

Akachanganya. Akarusha kwa mwiko. Akasawazisha kwa kibao, akalainisha kwa sponji lenye maji. Nawaambia kweli, ilikuwa lipu nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Ungepitisha kiganja usijue mraba ulianzia wapi.

*

“Burah! Njoo unishikie mlango, mikate inateleza!”

Jua lilikuwa limeinama magharibi. Shangazi Beti aliingia na sinia la mikate ya kusuka ya Sabato, Rasela nyuma yake na pazia jekundu mabegani, Sandu nyuma yao wote.

Shangazi Beti akageuka kuweka sinia. Akaona ukuta. Sinia likabaki hewani.

“Mwanangu,” akasema, “umefanya nini hapa?”

“Nimemaliza kazi.”

“Nani amekuambia umalize?”

Rasela akatazama. Pazia likamdondoka. Alikimbilia ukutani akapapasa lile eneo kwa viganja viwili kama mtu anayetafuta swichi gizani.

“Burah, umefunika! Kona... Burah, umefunika ile kona!”

Kilio hicho! Burah alikisubiri mchana kutwa, na kilipokuja kilimpa utamu mchungu. “Ndiyo, nimefunika. Kwani ulikuwa unambusu nani hapo?”

“Nini?”

“Nimekuona. Umeweka kidole, umebusu. Ulikuwa unambusu nani?”

Rasela akamgeukia. Sikuwahi kumwona mwanamke akimtazama mumewe hivyo, hasira na huruma vikigombania uso mmoja.

“Baba yako,” akasema. “Nilikuwa nambusu baba yako.”

Burah akaugeukia ukuta.

Shangazi Beti akaweka sinia chini. “Hekalu letu la kale liliungua, Burah. Tangu siku hiyo Myahudi akijenga huacha dhiraa moja bila lipu karibu na mlango, aione akiingia, akumbuke kwamba furaha yetu haijakamilika. Ni kidonda, ndiyo. Tuliambiwa tusikizibe.”

“Mimi... sikujua.”

“Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kujifanya unajua.” Akavuta pumzi. “Lipu ya mwisho humu aliipiga Mendel, kabla mlango haujafungwa. Mimi nilikuwa msichana, namchotea maji ya kuchanganyia. Alipofika hapo akaacha. Akabonyeza dole gumba lake kwenye ukingo wa kona, lipu ingali mbichi. Lile dole lake lililopinda, unalikumbuka? Lenye ukucha uliopasuka. Akaniambia, ‘Beti, hii ndiyo sahihi yangu.’”

“Niliiona nilipokuwa nasafisha,” Rasela akasema. “Kila mstari wa ngozi yake upo. Jioni hii wageni wakiingia tulitaka wewe usimame hapa, uwaonyeshe dole la baba yako. Hiyo ndiyo siri, Burah. Hiyo ndiyo ‘usimwambie’.”

Burah akakaa chini sakafuni.

Alikuwa anaona nyumba nyingine, ukuta mwingine. Siku saba za matanga ya baba yake zilipokwisha, aliivua ile kalenda akapiga lipu pengo la mbele ya mlango, zawadi kwa mama. Mama alisimama, akaupapasa ukuta ule mlaini, machozi yakamtiririka. “Ahsante, mwanangu,” alisema. Burah alidhani ni furaha. Miaka yote alidhani ni furaha.

“Nilipaziba hata nyumbani,” akasema. “Mama hakuniambia kitu.”

Kisha akaruka.

“Patasi! Nipeni patasi ndogo!”

*

Jasi haimsubiri mtu. Ilikuwa imeshashika, ila haijawa jiwe bado. Burah aligonga kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa. Kipande kikaachia. Kona ya juu kulia ikaonekana. Akahamia kushoto.

“Polepole,” Rasela akasema, amepiga magoti kando yake na brashi. “Ukichimba sana utaondoka nayo.”

“Najua.” Kisha akajikosoa. “Sijui. Niambie.”

“Shika patasi imelala. Hivyo. Kwangua, usigonge.”

Mikono yao ikagusana kwenye vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu Sandu afike, Burah hakutazama nyuma kuona yuko wapi.

Kona ya pili. Kona ya tatu. Matofali yakatoka moja moja, mekundu, kama vile hayajawahi kufunikwa. Ikabaki ya chini kushoto.

“Watoto wangu,” Shangazi Beti akasema taratibu. “Jua.”

Lilikuwa limegusa ukingo wa dirisha. Vinara viwili vilikuwa mezani, mishumaa ndani. Nanyi mnaojua desturi mnajua: mishumaa ikiwashwa, Sabato imeingia. Fundi huweka chini chombo chake, hata kama nyumba imebaki tofali moja.

“Kidogo tu,” Burah akasema. “Shangazi, kidogo tu. Mpaka kesho jioni itakuwa jiwe! Itang'oka na dole lake!”

“Kesho jioni ni kesho jioni.”

“Rasela, mwambie!”

Kuwasha mishumaa ilikuwa kazi ya Rasela. Akasimama. Akaitazama ile kona, akamtazama mumewe mwenye chokaa mpaka kwenye nyusi. Angeweza kuchelewa. Angeweza kusema kiberiti kimelowa, na hakuna hata mmoja ambaye angemlaumu.

“Baba yako angesemaje?” akauliza.

Ncha ya patasi ya Burah ilikuwa imeshagusa kona.

Akaiweka chini.

Rasela akawasha. Mwali wa kwanza, mwali wa pili. Akafunika macho, midomo ikicheza. Mwanga ukapanda ukutani, ukamfikia yule chui mwenye uso wa paka. Nimeona masinagogi makubwa na mazuri kuliko lile, lakini mwanga ule sijauona tena.

“Sabato njema,” Shangazi Beti akasema.

“Sabato njema,” wakajibu.

Burah alikuwa bado amepiga magoti. “Rasela,” akanong'ona, “nisamehe. Wivu ulinifanya punda.”

“Punda ana akili,” akasema Rasela, lakini akamfuta chokaa usoni kwa kona ya kitambaa chake.

Hapo mambo yangeweza kwisha vizuri. Lakini Shangazi Beti alikuwa anatazama kitu kingine karibu na mlango.

“Huu mfuko wa jasi,” akasema, “nani kaleta?”

“Niliukuta,” Burah akasema.

“Uliukuta. Mfuko hauna miguu.” Kikongwe akageuka taratibu. “Asubuhi nilikuwa uani nakung'uta mito. Nilimwona mtu anavuka na mfuko begani. Nikasema, huyu ana moyo wa kusaidia. Mchana nikamwona tena, amesimama dirishani anachungulia ndani, haondoki, haingii. Nikadhani anasali. Ulikuwa unasali, Sandu?”

Sandu akaivua kofia, kisha akakumbuka kuwa sinagogini mwanamume hufunika kichwa, akaivaa tena.

“Ulimwona anaziba?” Rasela akauliza. “Sandu! Ulimtazama mpaka akamaliza?”

“Nilimtazama.”

“Ulijua hajui!”

“Nilijua.”

“Kwa nini?”

Sandu akacheka kicheko kikavu. “Kwa sababu ana kila kitu! Mimi nyumba yetu sasa ni duka la simu. Mama yangu kalala Haifa, baba yangu hana hata tofali katika mji huu. Huyu hajui herufi, hajui sala, hajui hata kidonda cha ukutani ni nini, na ana baba yake ukutani na wewe mezani. Nilitaka umwone alivyo. Mara moja tu, umwone.”

Burah akainuka. Safari hii hakukunja ngumi. “Pole, Sandu,” akasema, na nadhani alimaanisha. “Tumeugua ugonjwa mmoja.”

“Usinipe pole.” Macho ya Sandu yalikuwa mekundu. “Unadhani wivu wako ulikuwa wa bure? Unadhani kila kitu leo kilikuwa dole la baba yako? Muulize mkeo nilimwomba nini jana. Muulize alinijibu nini.”

Nje, kabla jua halijazama kabisa, honi ya basi ikalia. Milango ikafunguka, sauti za wageni zikajaa uani, mtu akaanza kuimba.

“Rasela?” Burah akasema.

Rasela hakumtazama Sandu. Hakumtazama mumewe. Alikuwa anaitazama ile kona ya nne, iliyofunikwa, ambayo mkono wowote haungeruhusiwa kuifungua mpaka kesho jua lizame. Jibu lake, msomaji wangu, tutalisikia wiki ijayo.